Vua Shati, Mpenzi

Naanza na swali la uchokozi: mara ya mwisho ulipomwona daktari, alikugusa? Sisemi kukupa mkono. Nauliza kama alikwambia "vua shati", akakitazama kifua chako, akaweka viganja, akakigonga kwa vidole, kisha akasikiliza mbele na nyuma. Wengi wetu tukisema ukweli, jibu ni hapana. Tunaingia, tunakaa, tunasema "daktari, najisikia homa homa", yeye anaandika huku anaitikia kwa kichwa, tunatoka na karatasi ya maabara. Dakika nne, imekwisha. Na fomu ya bima tumesaini!

Najua ukurasa huu mmeuzoea kwa mambo ya mapenzi, ndoa na zile kesi zenu za simu zenye namba ya siri. Mwezi huu tubaki humo humo chumbani, ila tuzungumzie kifua. Sio unachowaza wewe, mtundu. Waswahili tunasema mtu ana kifua akijua kutunza siri, na mimi nimejifunza kwamba kifua kinachoumwa nacho kinatunza siri kweli kweli, mpaka atokee mtu mwenye mkono na sikio la kukihoji.

Kisa ni cha shosti wangu mmoja na mumewe. Wameniruhusu nikisimulie mradi nisiwataje majina. Shemeji ana miaka 28, mrefu, mwembamba kama mlingoti wa bendera, kazi yake ya kompyuta, na sigara anavuta "za wikiendi tu". Jumamosi moja jioni kakaa zake kwenye kochi anaangalia mpira. Hakubeba mzigo, hakukimbia, hakupigana na mtu. Ghafla upande wa kulia wa kifua ukamchoma kama kisu, na kila akivuta pumzi ndiyo kinazidi. Shosti akamchua na dawa ya maumivu. Jirani akasema kichomi hicho, mpeni tangawizi. Mama mkwe kwenye simu akatoa hukumu: gesi, kijana hali kwa wakati. Jumapili wakaenda zahanati moja ya karibu, wakatoka na kipimo cha malaria na vidonge vya vidonda vya tumbo. Shati halikuvuliwa.

Halafu maumivu yakatulia! Hapo ndipo ugonjwa huu unapowapata watu. Mara nyingi kile kichomi hupungua ndani ya saa 24 hata kama tatizo liko pale pale, na mgonjwa anajiona kapona. Jumatatu lifti ya ofisini ikawa mbovu. Shemeji akapanda mpaka ghorofa ya tatu na kufika anahema kama babu wa miaka themanini.

Aliyegundua ni mke. Usiku huo joto la Dar, umeme hakuna, mume kalala chali kifua wazi, mwanga ni wa simu tu. "Nikaona upande wa kushoto unapanda na kushuka," aliniambia, "wa kulia umegoma. Nikaangalia mara tatu, nikadhani ni kivuli." Hakikuwa kivuli. Pafu la kulia lilikuwa limesinyaa.

Inakuwaje? Pafu limefunikwa na utando laini, na ukuta wa kifua kwa ndani nao una utando wake. Kati ya hizo tando mbili kuna majimaji kidogo tu, na mvutano unaolifanya pafu ling'ang'anie ukutani: kifua kikipanuka, nalo linapanuka. Sasa hewa ikipenya katikati, mvutano unakatika na pafu linajikunja kama puto lililotobolewa. Madaktari wanaita nyumothoraksi. Kwa vijana kama shemeji, mara nyingi ni kijiputo kidogo juu ya pafu kilichopasuka chenyewe, mtu katulia tu. Wanaume warefu wembamba wa miaka ya ishirini ndio wanaopatwa zaidi, na sigara inaongeza hatari mara nyingi (bangi nayo imo, kwa wale mliokuwa mnataka kuuliza). Kwa wengine pafu lilikuwa gonjwa tangu mwanzo, na huku kwetu kifua kikuu ni sababu kubwa. Na wapo wanaopata kwa ajali ya bodaboda, mbavu ikavunjika na kutoboa.

Usiku ule ule wakaenda hospitali nyingine. Wakapokewa na daktari wa kike, kijana kabisa, shosti akamdhania mwanafunzi. Neno la kwanza: "Kaka, vua shati." La pili hakusema. Alisimama upande wa miguu ya kitanda akatazama tu, kama dakika nzima. Shosti alikuwa anakaribia kupasuka kwa hasira, anaona wanapotezewa muda. Kumbe kazi ilishaanza. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, shemeji alikuwa anakwenda 26. Na ule upande uliogoma daktari aliuona bila kuambiwa.

Kisha akaweka kidole kwenye kile kibonde cha chini ya shingo, juu ya mfupa wa kifua. Anatafuta bomba la hewa liko katikati au limesukumwa pembeni. Lilikuwa katikati, na nikifika mbele nitakwambia kwa nini aliposema "afadhali" alikuwa anamaanisha. Akamshika kifua kwa viganja viwili, vidole gumba vikikutana katikati, akamwambia avute pumzi. Gumba la upande mzima likasogea, la pili likabaki linashangaa. Akaweka kiganja mgongoni: "Sema tisini na tisa." Shosti anasema hapo alicheka, maana mumewe alitamka kwa heshima kama anaapa mbele ya kadhi. Lakini sauti inasafiri kutoka kooni kupitia pafu mpaka kwenye ngozi, na kiganja kinausikia mtetemo. Kukiwa na tabaka la hewa katikati, mtetemo hauvuki. Kushoto ulikuwepo, kulia ulikuwa umefifia.

Halafu akagonga. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye raha.

Nyumbani ukitaka kujua maji yamebaki kiasi gani kwenye simtanki, unafanyaje? Unagonga kwa nje. Juu palipo patupu panalia, ukifika usawa wa maji mlio unakuwa mzito, umekwisha. Daktari anafanya hivyo hivyo: anaweka kidole kimoja kati ya mbavu, anakigonga kwa kidole cha mkono mwingine, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ufundi huu uliandikwa na daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, katika kitabu alichokitoa Vienna mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni mjini Graz, na inasimuliwa kwamba kijana alijifunza kwa kuona mapipa yanavyogongwa kujua kinywaji kimebaki wapi. Wenzake hawakumjali sana. Ilibidi ifike 1808, Corvisart, daktari wa Napoleon, akitafsiri kitabu hicho kwa Kifaransa, ndipo dunia ikaamka. Auenbrugger alifariki mwaka uliofuata. Huyu bwana, kwa taarifa yenu, aliandika pia maneno ya opera moja ya Salieri. Mtu mwenye sikio ni mwenye sikio.

Mlio wa pafu lililosinyaa kwa hewa una mtego wake. Upande mgonjwa unalia vizuri kuliko ule mzima! Unalia kama ngoma, mtupu. Asiyejua atasema huu ndio wenye afya. Ndiyo maana daktari haishii hapo, anachukua stetoskopu na kusikiliza. Upande mzima una ule upepo laini wa pumzi. Upande mgonjwa, kimya, au upepo wa mbali sana kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Unalia ukigongwa, kimya ukisikilizwa: mambo hayo mawili yakikutana upande mmoja, kwa mtu aliyechomwa ghafla na kuishiwa pumzi, daktari ameshajua anatafuta nini kabla hata eksirei haijawashwa. Yangekuwa ni maji yamejaa kifuani, pangekuwa kimya vile vile ila mlio ungekuwa mzito, kama chini ya simtanki.

Stetoskopu yenyewe ina hadithi inayofaa ukurasa huu. Mwaka 1816, Paris, katika hospitali ya Necker, daktari René Laennec aliletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo, mnene kidogo, kwa hiyo kugonga hakukusaidia. Zamani hizo daktari alilaza sikio moja kwa moja kifuani kwa mgonjwa. Laennec akaona haya. Akaviringisha karatasi ikawa bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni, akashangaa moyo unasikika wazi kuliko kwa sikio tupu. Mwaka 1819 akatoa kitabu, humo ndani akaeleza pia kifua chenye hewa kinavyojulikana. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1826, ana miaka 45. Haya ya mwanamume mmoja mbele ya binti wa watu, leo kila daktari anaivaa shingoni.

Turudi kitandani, kuna vitu viwili mwenza anaweza kukutana navyo kabla ya daktari. Kwanza, hewa ikitoroka ikaingia chini ya ngozi, shingoni au juu ya kifua, ukibonyeza unasikia vitu vidogo vinapasuka pasuka, kama umeshika mfuko wa bisi. Pili, pafu la kushoto likisinyaa, baadhi ya watu hutoa mlio wa "ta, ta" kila moyo unapopiga. Wakati mwingine mgonjwa mwenyewe anausikia, na wewe uliyelaza kichwa kifuani kwake utausikia pia. Ukisikia, usiutafsiri kuwa ni mapenzi. Amka, vaeni, nendeni hospitali.

Je, ulaze sikio mgongoni kwa mumeo upime mwenyewe? Sikukatazi kusikiliza, ila nisikilize na mimi: pafu lililosinyaa kidogo linaweza lisionyeshe dalili yoyote, hata kwa daktari mzuri. Kinachomaliza ubishi ni eksirei, na siku hizi ultrasaundi ya kifua kwa mtu anayeijua. Kwa hiyo ukiona pande mbili hazilingani, hiyo ni sababu ya kwenda. Usipoona kitu lakini mwenzio ana kichomi cha ghafla na pumzi haimtoshi, bado ni sababu ya kwenda. Nyumbani hakuna jibu la "yuko salama".

Sasa lile neno "afadhali". Wakati mwingine ule mtobo unafanya kazi kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: hewa inaingia kila pumzi, haitoki. Shinikizo linapanda, pafu linabanwa, moyo na mishipa mikubwa vinasukumwa upande wa pili, damu inashindwa kurudi kwenye moyo. Huyu mtu hawezi kumaliza sentensi. Anatoka jasho, mapigo yanakwenda mbio, presha inashuka, mishipa ya shingo inaweza kuvimba, akili inaanza kuchanganyikiwa. Kwa ngozi zetu usitafute ubluu usoni, tazama ulimi, ufizi na ndani ya mdomo. Bomba la hewa kusogea pembeni ni dalili inayochelewa, ikifika mambo yameharibika. Hapa hakuna kusubiri picha. Daktari anaamini mikono yake na macho yake, anachoma sindano ukutani mwa kifua, hewa inatoka, mtu anarudi duniani. Kwa ugonjwa wa namna hii dakika zinahesabika, na daktari asiyezoea kugusa wagonjwa siku za kawaida sijui siku hiyo ataanzia wapi. Kama ni mtu aliyechomwa kisu au nondo kifuani na kitu bado kimo, msikichomoe. Mpelekeni nacho.

Wenye watoto wadogo, pafu linaweza kusinyaa kwa njia nyingine kabisa. Mtoto anakula karanga huku anacheka, moja inaingia njia ya hewa na kuziba. Hewa iliyobaki ndani ya pafu inanyonywa polepole na sehemu hiyo inajikunja. Hapa daktari akigonga mlio ni mzito, sio wa ngoma, na bomba la hewa linavutwa kuelekea upande mgonjwa badala ya kusukumwa mbali. Mtoto aliyepaliwa ghafla kisha akabaki na kikohozi kisichoisha, mweleze daktari habari ya karanga hata kama imepita wiki.

Shemeji picha yake ilithibitisha. Akawekewa mpira kati ya mbavu, ukaunganishwa na chupa yenye maji iliyokaa sakafuni. Hewa inatoka kwa mapovu, haiwezi kurudi kwa sababu ya maji. Shosti alikaa na ile chupa siku tano, anasema aliijua kuliko tamthilia: akikohoa mume, mapovu, akipumua, maji yanapanda na kushuka. Siku mapovu yalipokoma na picha ikaonyesha pafu limerudi ukutani, mpira ukatolewa. Sio kila mtu anahitaji hivyo, lakini. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 316, ulionyesha kwamba kwa vijana wasio na ugonjwa mwingine wa mapafu na hali yao imetulia, wengi wakiangaliwa tu bila mpira pafu hurudi lenyewe ndani ya wiki nane. Uamuzi huo ni wa daktari aliyekupima, sio wa jirani wa tangawizi.

Kuna masharti ya baadaye ambayo wanandoa vijana huwa hawaambiwi vizuri. Takriban mtu mmoja kati ya watatu hupatwa tena, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Sigara, hata za wikiendi, ndiyo basi. Ndege usipande mpaka picha ionyeshe pafu limerudi lote na daktari akuhesabie siku, kwa kawaida wiki moja zaidi, maana hewa iliyobaki kifuani inatanuka huko juu. Na wale mnaopanga fungate Zanzibar au Mafia mkazamie na mtungi kutazama matumbawe: aliyewahi kupata pafu kusinyaa lenyewe, kuzamia kwa mtungi kwa kawaida hakuruhusiwi tena maisha yake yote, labda awe amefanyiwa upasuaji wa pande zote mbili na mtaalamu amempitisha. Kuogelea juu juu na miwani ya maji ni habari nyingine. Shemeji kalalamika, kaambiwa atabaki kwenye boti kushika mikoba.

Nimalizie na kina dada, maana mpaka hapa mnaweza kudhani haya ni ya kina kaka warefu tu. Kuna wanawake ambao pafu husinyaa wakiwa kwenye siku zao, ndani ya saa 72 tangu hedhi ianze, na mara nyingi ni pafu la kulia. Inahusishwa na endometriosisi, yaani tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba inapoota mahali pengine, mpaka kwenye kiwambo cha chini ya mapafu. Mwanamke huyo anaambiwa miaka na miaka kwamba ni maumivu ya hedhi, au anajidekeza. Kama kila mwezi bega la kulia au kifua vinakuuma na pumzi inakata siku zile zile, andika tarehe tatu nne kwenye kalenda, za hedhi na za kichomi, uende nazo. Waume, mnaweza kumwandikia nyinyi kama yeye amezoea kuvumilia. Mkifika, msitoke mle ndani kabla kifua hakijasikilizwa pande zote mbili, na muulizeni daktari moja kwa moja kama picha inaweza kupigwa wakati yuko kwenye siku zake, kabla pafu halijarudi lenyewe.